Tarehe 30 ya Mwezi wa Kumi: Siku Moja, Mambo Mengi

Katika nyumba nyingi kalenda hutundikwa ukutani, karibu na msalaba au karibu na picha ya jamaa. Kila asubuhi mtu huitazama apate kujua kama ni siku ya soko, ya shule au ya mshahara. Kiisha huenda zake. Walakini kila namba ndogo ya kalenda ni kama ghala ya zamani. Ukifungua mlango wake, wakuta humo mambo ya watu wengi: wafalme na maskini, askari na wachezaji. Leo tufungue mlango mmoja tu, ule wa tarehe 30 ya mwezi wa kumi. Tutazame kuna nini ndani, tena tutazame ni nani aliyesahauliwa humo.

Kwanza tufahamu jambo moja: siku haina nguvu yenyewe. Hakuna siku ya bahati wala siku ya mkosi. Hesabu ya tarehe ni kazi ya watu. Mwaka 1582 Papa Gregorio XIII aliisahihisha kalenda. Katika nchi zilizomfuata, baada ya tarehe 4 ya mwezi wa kumi ikaja tarehe 15. Warusi walishika hesabu ya zamani hata mwaka 1918. Ndiyo sababu Dostoevsky, mwandishi mkubwa wa Urusi, alizaliwa tarehe 30 ya mwezi wa kumi mwaka 1821 kwa hesabu ya kwao, na tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja kwa hesabu yetu. Mtoto ni mmoja, saa ya kuzaliwa ni moja, tarehe ni mbili! Basi tusiulize: “Siku hii ilileta nini?” Yafaa tuulize: “Watu walifanya nini siku hii, na ni nani aliyeandika?”

Askari aliyevua mkanda

Jambo la kale tutakalolitaja lilitokea katika Afrika, huko Tingis, mji unaoitwa leo Tanger, katika nchi ya Maroko. Ilikuwa mwaka 298. Katika jeshi la Warumi alikuwako akida mmoja, jina lake Marcellus. Askari walikuwa wakifanya karamu kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari. Watu walikula, walikunywa, walitoa sadaka kwa miungu. Marcellus alisimama mbele ya wote, akavua mkanda wake wa uaskari akautupa chini, akasema kwamba tangu siku ile atamtumikia Kristu tu.

Walimkamata, wakampeleka mbele ya hakimu Agricolanus. Hakukana neno hata moja. Tarehe 30 ya mwezi wa kumi akauawa kwa upanga. Habari za kale zasimulia tena kwamba mwandishi wa baraza, jina lake Cassianus, alipoisikia hukumu ile alitupa chini kalamu yake na vibao vyake, akasema hukumu si ya haki. Naye aliuawa baadaye.

Tazameni jambo la kushangaza. Karamu ile ilifanywa ili siku ya Kaisari ikumbukwe. Leo ni nani anayejua siku ile ya Kaisari? Lakini siku aliyokufa akida wake imo katika kalenda ya watakatifu hata sasa. Kanisa huiita siku ya kufa ya shahidi siku yake ya kuzaliwa, maana siku ile amezaliwa mbinguni.

Ijumaa ya Stanleyville

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1959, Kongo ilikuwa ingali chini ya Ubelgiji. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, chama cha M.N.C. cha Patrice Lumumba kilifanya mkutano mkubwa katika Stanleyville, mji tunaouita Kisangani tangu mwaka 1966. Watu walitaka uhuru upesi. Ijumaa, tarehe 30, fujo ilizuka kati ya watu na askari wa Serikali. Risasi zikapigwa. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengi waliumia.

Tarehe 1 ya mwezi uliofuata Lumumba akakamatwa, akashitakiwa kwamba yeye ndiye aliyechochea watu. Tarehe 21 ya mwezi wa kwanza mwaka 1960 akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Lakini siku zile zile wakubwa wa Kongo na wa Ubelgiji walikuwa wameketi katika Bruxelles kwenye mkutano ulioitwa Meza ya Duara. Wajumbe wa Kongo wakamtaka Lumumba awepo. Akafunguliwa, akaenda kwa ndege mpaka Bruxelles, na huko ikakatwa siku ya uhuru: tarehe 30 ya mwezi wa sita, 1960.

Hivyo njia ya uhuru ilipita katika Ijumaa ile. Jina la Lumumba wote twalijua, pamoja na siku aliyozaliwa, tarehe 2 ya mwezi wa saba 1925, na siku aliyouawa, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961. Lakini wale waliolala chini katika njia za Stanleyville, ni nani katika vijana wetu awezaye kutaja jina la mmoja wao? Nao pia walikuwa na mama, na wengine bila shaka waliacha watoto.

Mtoto wa Argentina

Mwaka mmoja kamili baadaye, Jumapili tarehe 30 ya mwezi wa kumi 1960, mtoto mwanamume alizaliwa Lanús, karibu na Buenos Aires, katika nchi ya Argentina. Wazazi wake walikuwa maskini, wakaao mtaa wa Villa Fiorito. Jina lake Diego Maradona. Hakuna gazeti lililoandika siku ile kwamba amezaliwa mtu mashuhuri. Ndivyo zilivyo siku za kuzaliwa: hakuna anayezijua ila mama na majirani, mpaka kazi ya mtu izitangaze. Mwaka 1986, huko Mexico, aliwaongoza wenzake wakachukua Kombe la Dunia. Katika mchezo wa mwisho waliwashinda Wajerumani wa Magharibi mabao 3 kwa 2. Akafa tarehe 25 ya mwezi wa kumi na moja 2020, na nchi nzima ikalia.

Lakini Argentina ina sababu nyingine ya kuikumbuka tarehe hii. Tangu mwaka 1976 nchi ile ilitawaliwa na majemadari. Watu maelfu walikamatwa usiku wasionekane tena. Tangu mwaka 1977, akina mama walikuwa wakitembea katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya nyumba ya Serikali, wakiulizia watoto wao. Walitishwa, na baadhi yao wakakamatwa wakauawa, lakini wenzao hawakuacha. Hata Jumapili tarehe 30 ya mwezi wa kumi 1983, siku Maradona alipotimiza miaka 23, raia walipiga kura, wakamchagua Raúl Alfonsín awe mkubwa wa nchi. Kazi yake mojawapo ya kwanza ilikuwa kuweka baraza la kuchungua habari za waliopotea. Mwaka 1984 baraza lile lilitoa kitabu, na hesabu ya waliopotea ilifika karibu 9000, kila mmoja kwa jina lake.

Kishindo kikubwa kuliko vyote

Kuna jambo lingine la tarehe hii nisiloweza kuliacha. Mwaka 1961 Warusi walilipusha bomu katika kisiwa cha Novaya Zemlya, kwenye baridi kali ya kaskazini. Nguvu yake ilikuwa kama ya tani milioni 50 za baruti kali. Watu hawajapata kulipusha bomu kubwa kuliko hilo, tangu zamani hata leo. Walakini ni nani anayeifanya siku hiyo sikukuu? Hakuna. Kishindo si kipimo cha ukubwa wa jambo. Sauti ya mkanda wa akida ulioanguka chini imedumu zaidi.

Ngumi za Kinshasa

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi walilingoja tangu mwanzo: Jumatano tarehe 30 ya mwezi wa kumi 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Nchi yetu iliitwa wakati ule Zaire, na Rais Mobutu alitaka dunia nzima itazame Kinshasa. Kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5. Mchezo ulikuwa umepangwa kwa mwezi wa tisa, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, wakangoja wiki tano.

Walianza karibu saa 10 ya alfajiri, kusudi watu wa Amerika watazame kabla ya kulala. Kwa hiyo katika New York ilikuwa bado saa 4 ya usiku, tarehe 29! Hapa tena twaona kwamba tarehe ni kazi ya watu.

Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliogopa kwamba atavunjwa. Yeye alifanya nini? Aliegemea kamba za ulingo, akaficha uso kwa mikono, akamwacha mwenzake apige, apige, apige, mpaka akachoka. Watu waliokuwa uwanjani walipaza sauti kwa Lingala: “Ali, boma ye!” Katika raundi ya nane Ali alijitoa kwenye kamba, akampiga Foreman upesi upesi, akaanguka. Mwamuzi akahesabu, Foreman hakuwahi kusimama. Baada ya hayo mvua kubwa ikanyesha.

Lakini ushindi wa Ali haukuanza usiku ule. Mwaka 1967 alikuwa amekataa kuingia jeshi la nchi yake wakati wa vita vya Vietnam, kwa sababu ya dini yake, dini ya Islamu. Wakamnyang'anya ubingwa, wakamhukumu kifungo cha miaka 5, ingawa hakuingia gerezani kwa kuwa alikata rufani. Zaidi ya miaka mitatu hakupigana. Mwaka 1971 baraza kuu la Marekani likaifuta hukumu ile. Kumbe katika ukurasa mmoja wa kalenda twakuta watu wawili waliokataa kutumika jeshini kwa ajili ya dhamiri: mmoja Mkristu wa mwaka 298, mmoja Mwislamu wa zamani zetu. Dini zao si moja, na mwisho wao si mmoja. Lakini wote wawili walijua watakayopoteza kabla ya kusema hapana.

Uwanja wenyewe nao una habari zake. Ulijengwa kwa juhudi ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël. Ulifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Tarehe 4 ya mwezi wa kwanza 1959 watazamaji wa mpira walitoka humo wakajiunga na watu wa ABAKO waliokatazwa mkutano wao, na mji ukawaka moto. Wakati wa Mobutu uliitwa Uwanja wa 20 Mai; leo waitwa Tata Raphaël. Hivyo michezo na habari za nchi hazikai mbali. Watu wale wale washangiliao bao ndio watafutao haki.

Daftari yetu iko wapi?

Sasa tupime. Ukifungua orodha za mambo ya tarehe 30 ya mwezi wa kumi, zilizoandikwa Ulaya au Amerika, mara nyingi wakuta ngumi za Kinshasa na kuzaliwa kwa Maradona. Ijumaa ya Stanleyville mara nyingi huikuti. Je, tuwakasirikie? Kila mtu huandika yanayomgusa. Neno la kutusikitisha ni kwamba sisi wenyewe pengine hatukuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nao wafu, bila daftari, hupotea vile vile. Akina mama wa Argentina walilijua neno hilo; kwa hiyo walishika majina mpaka yakaandikwa.

Wazee wetu wengi wana karatasi zilizoandikwa “alizaliwa kunako mwaka” fulani, bila siku, bila mwezi. Si kwa kuwa hawakuzaliwa siku moja kama Maradona na Dostoevsky. Ni kwa kuwa hakuna aliyeandika. Tusiwaachie watoto wetu urithi wa namna hiyo.

Basi, mwalimu, baba, mama, nunua daftari moja. Andika siku, andika jambo, andika majina. Daraja lilijengwa lini, na nani waliofanya kazi? Ukoo ulikimbia vita mwaka gani, na nani hawakurudi? Timu ya kijiji ilishinda lini, na nani aliyetia bao? Waulize wazee wangali hai, kesho hutawakuta. Na mwaka huu, tarehe 30 ya mwezi wa kumi ikifika, wasimulie watoto habari za Ali na za Maradona, wacheke na kushangaa. Kiisha waambie habari za Ijumaa ya Stanleyville. Na kama katika mji wako yuko mzee ajuaye hata jina moja la aliyeanguka siku ile, liandike leo.