Mtoto akitishwa mtandaoni, usifute ujumbe

MZAZI wa Machakos akigundua kwamba mwanawe anatishwa mtandaoni kwa picha za utupu, asimchape, asimtumie mhalifu pesa wala asifute ujumbe: huo ndio ushahidi. Picha hizo asimtumie yeyote, hata jamaa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kusambaza picha za ngono za watoto. Adhabu ni faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Aipeleke simu yenyewe katika kituo cha polisi, au apige 116, nambari ya kusaidia watoto isiyolipishwa, usiku na mchana. Mtoto aliyechapwa kwa kusema ukweli hatasema tena.