Ukweli uliochelewa kuingia darasani

Mei 2025, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wanajulikana zaidi kama Wamormoni, liliweka wakfu hekalu lake jijini Nairobi. Kabla ya Juni 1978, muumini mwenye asili ya Kiafrika asingeruhusiwa kupokea ibada za juu ndani ya jengo la namna hiyo, na mwanamume Mweusi asingepewa ukuhani. Muumini wa Afrika Mashariki ana haki ya kuelezwa habari hiyo na mwalimu wake wa Shule ya Jumapili kabla hajaikuta peke yake kwenye simu.

Historia yenyewe si ndefu. Joseph Smith alianzisha kanisa New York mwaka 1830. Mwaka 1836, yeye akiwa hai, Mweusi aitwaye Elijah Ables alitawazwa kuwa mzee wa kanisa, ambacho ni cheo cha ukuhani. Mwaka 1852, mbele ya baraza la kutunga sheria la Utah, Brigham Young, mrithi wa Smith, alitangaza kwamba Weusi hawastahili ukuhani. Ables alibaki na ukuhani wake, lakini maombi yake ya kupokea ibada za hekaluni yalikataliwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja waumini waliambiwa kwamba Weusi wamebeba laana ya Kaini, na wengi waliamini katazo lilitoka kwa Smith mwenyewe. Mwaka 1973 daktari Lester Bush, naye Mmormoni, alipekua nyaraka na kuonyesha kwamba hakuna ushahidi wa hilo.

Wakati huo mlango wa nyaraka za kanisa ulikuwa umeanza kufunguka. Mwaka 1972 viongozi walimteua Leonard Arrington, mtoto wa mkulima wa Idaho na profesa wa uchumi, kuwa mwanahistoria wa kanisa. Alikuwa msomi wa kwanza wa historia kushika wadhifa huo. Arrington alifungua makabati ya nyaraka, akaajiri vijana wasomi, akapanga historia ya juzuu 16 kwa ajili ya jubilei ya miaka 150. Katika kumbukumbu zake, alizochapisha mwaka 1998, anasisitiza kwamba imani iliyokomaa haitishwi na nyaraka. Ni vigumu kuzisoma bila kuwa upande wake.

Wapo waliotishika. Mwaka 1976 wasaidizi wake wawili walipotoa kitabu cha historia ya kanisa kwa waumini wa kawaida, Mtume Ezra Taft Benson, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, alilalamika kwamba mkono wa Mungu hauonekani humo vya kutosha. Agosti 1981, Mtume Boyd K. Packer aliwahutubia walimu wa dini wa kanisa akawaonya kwamba si kila lililo kweli lina manufaa, na kwamba anayefundisha kila kitu bila kujali ukomavu wa msikilizaji atawajibika kwa imani itakayovunjika. Miezi michache baadaye Michael Quinn, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, alimjibu hadharani mbele ya wanafunzi wa historia: kuwaficha waumini udhaifu wa manabii ni kuwajengea imani isiyo na msingi.

Packer alishinda. Juzuu 16 zilifutwa, na mwaka 1982 Arrington aliondolewa kimyakimya. Septemba 1993 Quinn alitengwa na kanisa. Alifariki mwaka 2021 akiwa bado anaamini wito wa Joseph Smith, na hakurejeshwa kundini. Huo ulikuwa ukatili kwa mtu aliyelipenda kanisa lake.

Intaneti ilifanya kile ambacho wasomi walizuiwa kufanya. Kuanzia mwaka 2013 kanisa lilichapisha insha rasmi kuhusu ukuhani na rangi, na kuhusu wake wengi wa Smith. Nadharia za laana zikakanwa waziwazi. Mwaka 2016 Mtume M. Russell Ballard aliwaagiza walimu wa dini wazijue insha hizo barabara na wasikwepe maswali ya vijana.

Agizo hilo halijageuka mazoea kila mahali. Katika mtaala wa kanisa wa Njoo, Unifuate wa mwaka 2025, tamko la 1978 lililoondoa katazo liliwekwa katika somo la wiki moja, pamoja na Makala ya Imani na tamko la 1890 la kukomesha ndoa za wake wengi. Kwa darasa la Nairobi, Mombasa au Kinshasa, tamko la 1978 lilistahili Jumapili yake peke yake, na jina la Elijah Ables litajwe humo.