Kamiriithu: jukwaa la wanakijiji lililobomolewa na dola

Mwezi Julai mwaka 1977, Mwai Kibaki, wakati huo waziri wa fedha wa Kenya, alizindua riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo Petals of Blood. Riwaya hiyo iliyoandikwa kwa Kiingereza ililikosoa vikali tabaka lililoneemeka baada ya uhuru, lakini iliuzwa madukani bila kizuizi. Mwaka haujakwisha, mwandishi huyo huyo akakamatwa. Ni kitu gani kilichotokea katika muda huo mfupi?

Jibu limo katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi. Kijiji hicho kilianzishwa na wakoloni miaka ya 1950, enzi za vita vya Mau Mau, ili kuwakusanya wakulima mahali pamoja. Baada ya uhuru wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata.

Mapema mwaka 1976, mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea Ngugi wiki baada ya wiki, akimtaka awagawie wenziwe elimu aliyokuwa nayo. Ndipo kituo cha elimu na utamaduni cha Kamiriithu kilipopata uhai mpya. Kazi ilianza na kisomo cha watu wazima chini ya Ngugi wa Mirii, kisha ikafuata michezo ya kuigiza.

Akina Ngugi hao wawili waliandika kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Unamhusu Kiguunda, mkulima anayeweka rehani hati ya kishamba chake kidogo ili apate mkopo wa kugharamia harusi ya kanisani, na mwishowe ananyang'anywa ardhi hiyo. Mazoezi yalifanyika hadharani chini ya uongozi wa Kimani Gecau. Wazee walisahihisha lugha na historia, nao wafanyakazi wakaeleza jinsi jasho lao linavyolipwa. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali chake kikafutwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa na kupelekwa gereza la Kamiti, ambako alikaa hadi Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani. Amri ya kumzuia ilitiwa saini na Daniel arap Moi, aliyekuwa makamu wa rais na waziri wa mambo ya ndani.

Hata hivyo, mchezo huo ulipochapishwa kama kitabu mwaka 1980, uliuzwa. Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki: dola iliweza kuyavumilia maneno yakiwa kitabuni, lakini haikuvumilia mkusanyiko wa watu wanaoyatamka kwa lugha yao, kwenye jukwaa lao.

Kundi hilo halikukata tamaa. Februari 1982 lilijiandaa kuonyesha Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi. Lilikuta milango imefungwa. Maelfu ya watu wakamiminika Chuo Kikuu cha Nairobi kutazama mazoezi, nayo yakapigwa marufuku. Tarehe 11 Machi usajili wa kituo ulifutwa, na siku iliyofuata polisi wakaubomoa ukumbi wa Kamiriithu.

Gecau na Ngugi wa Mirii walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendeleza michezo ya jamii. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa London mwaka huo huo, hakurejea. Baadaye katika miaka hiyo ya 1980 alisomea filamu Stockholm, jiji ambalo vitongoji vyake kama Rinkeby leo ni makazi ya familia nyingi zenye asili ya Afrika ya Mashariki.

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika ukumbi ule ule wa Nairobi uliofungwa miaka 40 kabla. Ngugi alifariki dunia tarehe 28 Mei 2025. Maandishi yake yamerudi nyumbani. Lakini mchezo ule ulikuwa zaidi ya maandishi. Ulikuwa pia wa vibarua waliousahihisha, wakauigiza na kuujengea ukumbi kwa mikono yao wenyewe, na ukumbi huo ndio uliobomolewa.