Kuta Tumezirithi, Mapato Je?

Historia ya misheni za Bungoma huandikwa kuanzia jiwe la msingi: padri alifika mwaka gani, shule ilifunguliwa lini, nani alikuwa daktari wa kwanza. Kuna swali kubwa zaidi linalorukwa. Kanisa lililojengwa pamoja na hospitali, shule na bweni ni mzigo wa kila siku. Je, nani alitarajiwa kuubeba baada ya waliojenga kuondoka? Ukizitazama Kibabii, Misikhu na Lugulu kwa jicho hilo, utaona kwamba taabu nyingi za fedha tunazowalaumia wasimamizi wa leo zilianza siku ile ile msingi ulipochimbwa.

Miji ya kale ya Mediterania ya mashariki ililijibu swali hili mapema. Mwaka 1552 Hürrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman, aliweka wakfu jiko la kuwalisha maskini mjini Jerusalem. Hati yake haikuishia kwenye jengo. Ilifungamanisha jiko na mapato ya vijiji vya Palestina, ikataja wafanyakazi na kazi zao, ikaagiza supu ya mchele asubuhi na ya ngano jioni. Dola ya Osmani imekwisha zamani, na jiko lile bado linapakua chakula. Pwani yetu haihitaji kufundishwa jambo hili. Watu wa Lamu na Mombasa wanaijua misikiti iliyotunzwa kwa shamba la minazi au nyumba ya kupangisha iliyowekwa wakfu.

Magharibi mwa Kenya wazo hilo lilijaribiwa, kisha likaachwa njiani. Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, Wamarekani wa dhehebu la Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902, waliiita kazi yao misheni ya viwanda. Walikuwa na mashine ya kupasulia mbao, na walitumaini kwamba ufundi na shamba vingeisaidia misheni kujitegemea. Friends waliposonga kaskazini hadi Lugulu, mbegu iliyostawi ni kanisa, shule na tiba. Pengo la fedha likazibwa na michango ya Marekani na, kwa upande wa shule, ruzuku ya serikali. Wenyeji nao walitoa nguvu zao. Tofali la kuchoma halitoki mbali: udongo unachimbwa bondeni, unakanyagwa kwa maji yaliyobebwa kichwani, unatiwa kwenye fomu, unaanikwa, kisha matofali yanapangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni usiku na mchana. Kazi hiyo ni sadaka kama sadaka nyingine yoyote, ingawa haina mstari wake katika ripoti zilizopelekwa ng'ambo.

Wapo watakaosema majengo haya hayastahili kuhurumiwa, kwa kuwa yalikuja na utawala wa kigeni. Hoja hiyo ina uzito. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililoupinga utawala huo, aliwahi kuwa muumini wa Friends. Septemba 1947 aliwaongoza maelfu hadi Chetambe, ngome ambako Wabukusu waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, kuwakumbuka waliokufa. Februari 1948 umati ulikusanyika Kibabii ukiwataka wamisionari waondoke. Mwezi huo huo polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 11 Malakisi. Mimi nauona ushahidi huu ukiipa nguvu hoja yangu. Nyumba inayolishwa kutoka ng'ambo husikiliza ng'ambo, na hasira ya 1948 ilihusu nani mwenye kuamua juu ya ardhi na ibada ya watu hawa. Mapato ya papa hapa yangeleta pia sauti ya papa hapa.

Pingamizi la pili ni kwamba tuna harambee, basi wakfu wa nini? Harambee imejenga madarasa na makanisa yasiyohesabika kuanzia Kimilili hadi Kitale, na hakuna wa kuibeza. Ila watu huchangia paa la mabati kwa moyo kuliko wanavyochangia mshahara wa muuguzi au bili ya stima. Bima nayo haijaziba pengo: hospitali za makanisa zimelalamika hadharani, mara nyingi, kwamba zinaidai NHIF, bima ya afya ya taifa, fedha nyingi, na nafasi yake kuchukuliwa na SHA mwaka 2024 hakukufuta madeni.

Kitale ina mfano wa karibu, tena nje ya kanisa. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926, alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo wake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya, lililofunguliwa mwaka 1974. Ni kweli kwamba walowezi wa Trans Nzoia walitajirika juu ya ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa wengine, na wosia hausafishi chanzo cha mali. Lakini wosia ule ulifanya ambacho misheni nyingi hazikufanya: ulitaja kitu, ukataja na fedha yake. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaweza kulinda kuta za zamani zisibomolewe. Kinachobaki ni kwa majimbo ya Kanisa Katoliki, yale yaliyoundwa Bungoma mwaka 1987 na Kitale mwaka 1998, pamoja na Friends, kuandika hati zinazosema ekari hizi, au maduka haya ya kupangisha, ni ya wodi hii, na kwamba hakuna askofu wala kamati itakayoyahamisha.