Kwa mzamiaji, hatari kubwa imo katika kupanda

GARI lilipotumbukia kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni mnamo Septemba 29, 2019, likiwa na mama na bintiye, Wakenya wengi walishangaa mbona wazamiaji walichukua hadi Oktoba 11 kuliopoa. Sababu mojawapo ilikuwa kina. Gari hilo lilikuwa takriban mita 58 chini, ilhali kikomo cha wanaozamia kwa burudani ni mita 40, na anayeanza kujifunza hupewa mita 18 pekee.

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hivyo katika mita 30, shinikizo ni mara nne ya lile la ufukweni, na hewa ya mtungini huisha kwa kasi mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi kipimo cha baa 200 una lita 2,400 za hewa. Anayevuta lita 20 kwa dakika angekaa nao saa mbili juu ya maji. Katika mita 30 hafikishi nusu saa, kwani sharti arudi juu na akiba ya baa 50 hivi.

Kuishiwa na hewa ndiko kunakohofiwa na wengi, lakini anayeitazama geji yake hashtukizwi. Linalomdhuru hata aliye na hewa tele ni namna anavyopanda.

Naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa, huingia katika damu na misuli kwa wingi kadiri shinikizo linavyozidi. Mzamiaji akipanda polepole, hutoka kupitia mapafuni. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huumiza viungo, huziba mishipa na huweza kupoozesha miguu. Mwanasayansi Mskoti, John Scott Haldane, aliyefanya majaribio kwa mbuzi, alichapisha mwaka 1908 majedwali ya kupanda kwa vituo. Leo mzamiaji hufunzwa asizidi mita 9 kwa dakika, kisha atulie dakika tatu katika mita 5. Tena asizuie pumzi kamwe anapopanda: hewa hupanuka, na tofauti ya mita chache tu yatosha kupasua pafu.

Vifaa navyo vina adabu yake. Huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila siku ya kazi, kifuniko cha kidhibiti hewa kikiwa kimefungwa ili maji yasipenye ndani. Mtungi hukaguliwa ndani kila mwaka. Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi isivutwe hata kidogo, kwani huenda mashine ya kujaza ilivuta moshi wa injini, na sumu yake huzidi makali kwenye kina.

Dalili za mapovu huweza kuchelewa saa kadhaa: maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu, vipele. Wapo wanaosingizia uchovu. Mgonjwa hupewa oksijeni safi mara moja, kisha hupelekwa kwenye chumba maalumu cha shinikizo. Kumrudisha baharini eti apate nafuu ni kumhatarisha zaidi.

Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa kuwa hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlima wa hadi mita 2,400 hivi. Wachache hukumbuka kwamba Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru hupita mita 2,200. Anayetoka majini Diani asubuhi na kuingia garimoshi la alasiri kurudi nyumbani bado anapanda, na naitrojeni mwilini mwake haitofautishi reli na angani.