Meta 2.02 za Belgrade

Daftari la matokeo ya riadha ni maskini wa maneno. Kwa mashindano ya dunia ya ukumbini yaliyofanywa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, mwezi wa Machi 2022, lasema tu kwamba katika kuruka juu kwa wanawake Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine alishinda kwa meta 2.02, akafuatwa na Eleanor Patterson wa Australia kwa meta 2.00, na Nadezhda Dubovitskaya wa Kazakhstan kwa meta 1.98. Apimaye kwa tarakimu peke yake hataona ajabu. Stefka Kostadinova wa Bulgaria aliruka meta 2.05 katika mashindano kama hayo huko Indianapolis mwaka 1987. Na Mahuchikh mwenyewe alikuwa amekwisha kuruka meta 2.06 mwanzoni mwa mwaka 2021, naye ana umri wa miaka 19.

Tarakimu hizo hazionyeshi njia aliyoipita mshindi. Alfajiri ya 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine, Mahuchikh aliamshwa na milipuko katika mji wake wa Dnipro. Siku chache baadaye alitoka kwa motokaa, akabadili njia mara nyingi ili kukwepa hatari, akafika Belgrade (mji ambao nao ulipigwa mabomu mwaka 1999) baada ya siku tatu na mwendo wa zaidi ya kilometa 2,000.

Mtu aweza kudhani kwamba hasira au uchungu humwongezea mrukaji nguvu. Mchezo huu haukubali hivyo. Mrukaji hukimbia kwa kupinda, huiacha ardhi kwa mguu mmoja, kisha huupitisha mgongo wake juu ya ufito wenye urefu wa meta 4. Akikosa mara tatu mfululizo, ameondoka. Hatua moja ikizidi au ikipungua, yote yameharibika. Hesabu ya namna hiyo yataka moyo uliotulia, na utulivu ndicho kitu kilichokuwa adimu kuliko vyote kwa mtu aliyeuacha mji wake chini ya ving'ora.

Daftari hunyamaza pia juu ya asiyekuwapo. Mariya Lasitskene wa Urusi, aliyelishika taji la ukumbini tangu Birmingham 2018, ambako alishindana bila bendera kwa sababu ya kashfa ya dawa iliyoipata riadha ya nchi yake, safari hii hakuruhusiwa kabisa. Shirikisho la Riadha la Dunia lilikuwa limewazuia wanariadha wa Urusi na Belarus kwa ajili ya vita. Agosti 2021, huko Tokyo, wanawake hao wawili walikumbatiana mbele ya wapiga picha, mmoja ana dhahabu na mwenziwe shaba, na Mahuchikh akalaumiwa kwao kwa kumbatio hilo. Kumzuia mtu kwa kosa la dola yake ni jambo zito, na haki yake hubishaniwa hata sasa. Lakini ni vigumu kuona jinsi wawili hao wangaliweza kuitwa washindani sawa, mmoja akitoka mazoezini na mwingine akitoka njiani mwa wakimbizi.

Julai 2022, huko Eugene, Marekani, Mahuchikh aliruka tena meta 2.02, na Patterson vivyo hivyo. Dhahabu ilikwenda kwa Patterson, kwa kuwa makosa yake kwenye urefu huo yalikuwa machache.