Podikasti Karatu na Ngorongoro: namna ya kuboresha sauti na kupata wasikilizaji

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, upande wa pili unabaki kwenye kivuli, na Karatu na Ngorongoro zina milima ya kutosha: Oldeani, Lemagrut, na Loolmalasin unaozidi mita 3,600. Ndiyo maana mtu wa Karatu mjini anaweza kusikia kipindi vizuri, na ndugu yake aliyeko Mang'ola, chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi, akaambulia mkwaruzo tu.

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili msikilizaji akipakue na kukisikiliza muda anaotaka. Neno lenyewe lilianza kuonekana magazetini 2004, na mwaka 2005 Apple ikaweka huduma hiyo kwenye iTunes. Kwa wilaya zetu hizi mbili, kazi yake ya kwanza ni kumfikia mtu ambaye mawimbi hayamfikii. Huyo anaweza kuwa mchungaji wa Kakesio au mkulima wa kitunguu Mang'ola. Anaweza pia kuwa katika kaya mojawapo kati ya zile zilizohama kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kuanzia Juni 2022 kwenda Msomera, wilayani Handeni, mbali kabisa na redio za nyumbani.

Msikilizaji huyo ndiye kipimo cha ubora. Kama kila neno linasikika kwenye spika ndogo ya simu ya bei nafuu, na bando lake halikuisha kwa ajili yako, umefanya kazi nzuri. Aina ya maikrofoni uliyotumia hataijua wala haimhusu.

Chumba kwanza, maikrofoni baadaye

Wengi wanaoanza hukimbilia kununua vifaa. Tunashauri waanze na mahali pa kurekodia, kwa sababu maikrofoni ya bei kubwa katika chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati itanasa mwangwi kwa uaminifu mkubwa. Ukitaka kujua chumba kikoje, piga kofi moja katikati yake. Ukisikia mlio unaorudi, hapo hapafai bado.

Tiba yake ipo majumbani. Tandika blanketi mezani, ning'iniza mashuka mazito nyuma ya mzungumzaji na mbele yake. Stoo iliyopangwa magunia ya mbaazi au mahindi hunyonya sauti vizuri kuliko ofisi nyingi. Ukiwa barabarani, gari lililoegeshwa, injini imezimwa na vioo vimefungwa, ni studio ndogo nzuri sana. Liegeshe mbali na barabara ya lami inayokwenda lango la Lodoare, kwa maana magari ya watalii hayapumziki asubuhi. Mvua za masika zikianza kupiga bati, usihangaike, subiri zipite.

Nje, adui ni upepo. Mvumo wake ukishaingia kwenye rekodi hauondoki bila kuharibu sauti ya mtu, hivyo uzuie mapema kwa sponji au kitambaa chenye manyoya juu ya maikrofoni, na mkae nyuma ya ukuta au ua wa boma. Kengele za ng'ombe kwa mbali hazina ubaya. Zinamwambia msikilizaji mko wapi. Rekodi dakika moja ya mazingira hayo matupu, bila mtu kuongea. Utaihitaji wakati wa kuhariri, kuziba mapengo pale unapokata maneno.

Weka maikrofoni pungufu kidogo ya shubiri kutoka mdomoni, kwa pembeni, ili pumzi za P na B zisipige moja kwa moja. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya mzungumzaji hushuka kwa takriban desibeli 6 huku mwangwi ukibaki vilevile. Mshale wa kipimo cha sauti ucheze karibu na desibeli -12. Ukigusa sifuri, sauti inapasuka na haitengenezeki. Simu janja inatosha kwa kazi hii, mradi uzime laini kwa muda ili simu isipigwe katikati ya mahojiano.

Kuhariri na ukubwa wa faili

Rekodi kwa WAV, hariri kwa programu ya bure kama Audacity, kisha toa MP3 mwishoni. Apple inapendekeza ukubwa wa sauti wa takriban LUFS -16, na kipimo hicho kinafaa: msikilizaji hatapandisha na kushusha sauti kila sehemu.

Kwenye MP3 ndipo bando la msikilizaji linapookolewa au kuliwa. Mazungumzo hayahitaji stereo. Dakika 20 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB 19. Kwa kilobiti 64, mono, ni chini kidogo ya MB 10, na kwenye spika ya simu wachache watasikia tofauti. Tunachagua 64 bila kusita.

Kuwa mwangalifu na programu zinazojiendesha zenyewe kuondoa kelele. Lugha ya Wahadzabe wa Eyasi ina sauti za vidoko, na programu inaweza kuvichukulia kama kelele na kuvifuta. Ukibaki na neno lisilo na kidoko chake, umebadilisha alichosema mtu.

Mgeni akizungumza Kimaasai au Kiiraqw, acha asikike peke yake sekunde tano au kumi, kisha shusha sauti yake na ulete tafsiri ya Kiswahili juu yake. Tafsiri ikaguliwe na mtu wa pili anayeijua lugha hiyo. Kosa katika maelekezo ya chanjo ya mifugo linaweza kumgharimu mtu ng'ombe.

Ridhaa, leseni na muziki

Kipindi cha redio hupita hewani. Podikasti hubaki, na mtu yeyote anaweza kuituma kwa yeyote. Mzee anayezungumzia ardhi au kuhama kwake anatambulika kijijini kwa sauti tu, hata usipotaja jina. Mweleze hivyo kabla ya kurekodi, msikilizishe baada ya kurekodi, na akibadilisha mawazo, ondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu kazi hii pia. Kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni, uliza TCRA Kanda ya Kaskazini, Arusha, kabla ya kutoa toleo la kwanza. Muziki wa mtu usiutumie bila ruhusa yake.

Kupata wasikilizaji

Kichwa cha toleo kiseme kilichomo. "Mazungumzo na wakulima, sehemu ya tatu" hakimwiti mtu. "Lumbesa Mang'ola: gunia lako lina kilo ngapi?" kitafunguliwa na kila mwenye shamba la kitunguu, na ndani yake mkulima, dalali na ofisa wa Wakala wa Vipimo wapewe nafasi. Ingia kwenye jambo ndani ya nusu dakika. Salamu ndefu zinakula bando.

Pakia kwenye majukwaa ya podikasti kwa ajili ya walio mijini na ughaibuni, lakini usiishie hapo. Tuma faili lenyewe kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji, ushirika na vikoba, siku ileile kila wiki. Wenye vibanda vya kuchaji simu na kuweka nyimbo kwenye memori kadi ni wasambazaji wazuri, wapelekee. Simu nyingi za kitochi hucheza MP3 kutoka kwenye kadi.

Idadi ya upakuaji inayoonyeshwa na majukwaa haihesabu kadi hizo wala WhatsApp. Kwa hiyo taja namba ya simu mwishoni mwa kila toleo, uliza swali moja linalojibika kwa ujumbe mfupi, na uandike kwenye daftari kila anayejibu: yuko kijiji gani, na nani alimpa kipindi. Baada ya matoleo kumi daftari litaonyesha kibanda kipi, kundi lipi na mnada upi unasambaza kipindi, na toleo linalofuata liwafikie hao jioni ya kuamkia mnada.